Uanze na lugha gani ya programu?

Swali la "Nianze na lugha gani?" karibu kila mara huulizwa likiwa nusu. Nusu iliyobaki ni "ili nitengeneze nini?", na jibu limo humo. Anayetaka kubonyeza kitufe kwenye ukurasa wa tovuti akaona kitu kinabadilika ana lugha yake. Anayetaka kupanga picha elfu tatu katika folda kwa kufuata tarehe ana yake. Anayetaka kuwasha taa kwa bodi ndogo ya Arduino naye ana yake. Basi kabla ya kusoma ulinganisho wowote wa lugha, hata huu wangu, chukua karatasi uandike kitu kimoja ambacho ungependa kiwe kinafanya kazi baada ya wiki nane. Kiwe kidogo: kikokotoo cha marejesho ya mkopo, mchezo wa kubahatisha namba, ukurasa wenye orodha ya vitabu vinavyoweza kutafutwa kwa jina. Mtandao wa kijamii usiuandike. Hiyo ni kazi ya watu wengi kwa miaka mingi, na ukiianza nayo utadhani umeshindwa na lugha, kumbe umeshindwa na ukubwa wa kazi.

Wanaoanza huogopa sana kwamba wakikosea kuchagua watakuwa wamepoteza miezi bure. Hofu hiyo haina haja. Lugha ya kwanza inakufundisha kufikiri kwa hatua ambazo mashine inaweza kuzifuata, na ndani yake mna mambo sita utakayoyabeba popote uendako: kigeu (jina ulilolipa thamani), sharti (fanya hiki ikiwa kile ni kweli), mzunguko (kurudia hatua zile zile), funksheni (kipande cha programu kilichopewa jina ili kiitwe tena), mikusanyo ya data kama orodha na kamusi, na ustadi wa kusoma ujumbe wa kosa. Tazama msimbo huu, yaani maandishi ya programu, wa lugha ya Python unaochapisha namba shufwa kati ya 1 na 5:

```
for n in range(1, 6):
    if n % 2 == 0:
        print(n)
```

Na huu wa JavaScript unaofanya kazi ile ile:

```
for (let n = 1; n < 6; n++) {
  if (n % 2 === 0) {
    console.log(n);
  }
}
```

Yote miwili inatoa 2 na 4. Mzunguko ni ule ule, sharti ni lile lile, hata ile hesabu ya baki kwa alama ya asilimia haikubadilika. Mwili ni mmoja, nguo ndizo tofauti. Aliyeuelewa wa kwanza atausoma wa pili ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo lugha nzuri ya kuanzia ni ile inayokufikisha haraka kwenye mambo hayo sita bila kukuwekea vizuizi njiani. Mimi huipima kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni umbali kati ya kuandika na kuona: ukiandika mstari mmoja, unasubiri sekunde ngapi na unabonyeza vitufe vingapi hadi uone matokeo? Cha pili ni namna lugha inavyokuambia umekosea wapi. Cha tatu ni nani utamwuliza ukikwama. Kama mtu wako wa karibu anaandika C# kila siku na yuko tayari kukaa nawe saa moja kwa wiki, C# imeshakuwa chaguo zuri kuliko lolote nitakaloandika hapa.

Kasi ya lugha iache kando kabisa. Ni kweli kwamba C huikimbia Python mbali sana katika mahesabu mazito, lakini programu zako za miezi sita ya mwanzo zitamaliza kazi kabla hujapepesa jicho katika lugha yoyote. Na zile orodha za lugha maarufu zinazotolewa kila mwaka zina manufaa kwa mwenye kampuni anayetafuta wafanyakazi, wala hazimsaidii asiyejua bado mzunguko ni nini.

Python, kwa walio wengi

Kama karatasi yako ina jambo la kuchambua data, kupanga faili, kukokotoa, au kama hujajua bado unataka nini, anza na Python. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na tangu mwanzo aliijali sana hali ya msomaji wa msimbo. Mabano ni machache, nukta mkato hazihitajiki, na mpangilio wa mistari ndio unaoonyesha kipi kiko ndani ya kipi.

Kuisakinisha ni rahisi, lakini pana mtego. Kwenye Windows, ukitumia kisakinishi cha kawaida kutoka python.org, dirisha la kwanza lina kisanduku kidogo chini chenye maneno "Add python.exe to PATH". Kitie tiki. Ukikiruka, utaandika `python` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) na kompyuta itasema haiijui amri hiyo, au itakufungulia duka la Microsoft. Ikishatokea, jaribu kwanza amri ya `py`, ambayo mara nyingi hufanya kazi hata hivyo; ikikataa, endesha kisakinishi upya. Kwenye Linux na macOS amri ni `python3`. Programu ndogo ya kuandikia, IDLE, huja pamoja na Python kwenye Windows na macOS, nayo inatosha kabisa kwa mwezi wa kwanza. Vihariri vikubwa vyenye vitufe hamsini vitakuja wakati wake.

Angalia pia umri wa masomo unayoyafuata. Ukiona mwalimu ameandika `print "Habari"` bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Funga ukurasa huo utafute mwingine, hata kama maelezo yake ni matamu.

Zoezi bora la wiki ya kwanza ni mchezo wa kubahatisha namba, kwa sababu mistari kumi inabeba karibu kila kitu:

```
import random
siri = random.randint(1, 100)
jibu = 0
while jibu != siri:
    jibu = int(input("Bahatisha 1 hadi 100: "))
    if jibu < siri:
        print("Panda juu")
    elif jibu > siri:
        print("Shuka chini")
print("Umepata!")
```

Uandike kwa mkono, herufi kwa herufi, bila kunakili na kubandika. Kisha uuharibu makusudi, maana humo ndimo kuna elimu. Ondoa neno `int` na mabano yake, uone `TypeError`. Sababu ni kwamba `input` hurudisha maandishi kila mara, hata mtu akibonyeza tarakimu tupu, na Python inakataa kulinganisha maandishi na namba ikitakiwa iseme kipi ni kidogo. Hapo angalau inakupigia kelele. Hatari zaidi ni makosa ya kimya: ukipokea `umri = input("Umri wako: ")` kisha ukaandika `umri * 2`, mtu akiweka 20 hutapata 40 wala ujumbe wa kosa. Utapata 2020, yaani maandishi "20" yaliyorudiwa mara mbili. Aliyeliona hili kwa macho yake siku moja hatasahau tena kwamba thamani ina aina.

Jaribu kuusogeza mstari wa `jibu = int(...)` ukae nyuma sambamba na `while`. Utapata `IndentationError`, kwa kuwa baada ya nukta pacha ya `while` Python inatarajia kitu kilichoingia ndani. Kawaida ni nafasi nne. Usichanganye nafasi za kawaida na zile za kitufe cha Tab katika faili moja: kwa macho zinafanana, kwa Python ni vitu viwili, na kosa la namna hiyo linaweza kumla mtu jioni nzima. Na ukiuweka mstari huo nje, juu ya mzunguko, programu itauliza mara moja tu, kisha, kama hukubahatisha sawa, itachapisha "Panda juu" au "Shuka chini" bila kikomo. Hiyo inasimamishwa kwa Ctrl na C. Jifunze vitufe hivyo siku ya kwanza.

Mtego mwingine ni jina la faili. Ukiuhifadhi mchezo huu kwa jina la `random.py`, utavunjika kwa `AttributeError` inayosema `random` haina `randint`. Python ikitafuta moduli (faili la msimbo wa kuazima) ya `random` inaangalia kwanza kwenye folda yako, inakuta faili lako mwenyewe, na kulichukua hilo. Vivyo hivyo kwa `turtle.py` na mengineyo. Yape mafaili yako majina ya Kiswahili na tatizo hili hutalijua.

Ujumbe wa kosa wa Python usomwe kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa. Juu yake kuna jina la faili na namba ya mstari. Ikiwa mstari uliotajwa hauna tatizo lolote, tazama uliotangulia, pengine kuna bano halikufungwa. Kuanzia toleo la 3.10 Python inakuambia waziwazi ni bano lipi lililoachwa wazi. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutumia toleo jipya.

(Ukipata nafasi, jiulize unahitaji majaribio mangapi kuipata namba ya siri kati ya 1 na 100 ukibahatisha katikati kila mara. Hayazidi saba. Ukielewa kwa nini, umeshakutana na algorithimu yako ya kwanza, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, nayo haina uhusiano na lugha yoyote.)

JavaScript, kwa anayetaka kuona

Wako watu ambao maandishi meupe kwenye dirisha jeusi hayawapi hamu ya kurudi kesho. Wanataka rangi, kitufe, picha inayosogea, na kiungo cha kumtumia rafiki. Hao waanze na JavaScript, wala wasijione wamechukua njia ya mkato. Haihitaji kusakinisha chochote: fungua kivinjari kwenye kompyuta, bonyeza F12, chagua sehemu ya Console, andika `2 + 3`. Umeanza.

Gharama yake ni mbili. Kwanza, huwezi kwenda mbali bila HTML na CSS, ambazo si lugha za kuprogramu. Ya kwanza hueleza ukurasa una nini, ya pili hueleza unaonekanaje. Zipe wiki mbili, usizidishe. Pili, JavaScript inasamehe mahali ambapo mwanafunzi angefaidika kukemewa. Brendan Eich aliandika toleo lake la mwanzo kwa muda wa siku kumi mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, na kwa kuwa kurasa za zamani haziruhusiwi kuvunjika, mikunjo ya wakati ule imebaki hadi leo. `"5" + 3` inatoa "53", lakini `"5" - 3` inatoa 2. Ukipanga `[10, 9, 1]` kwa `.sort()` bila maelekezo, utapata 1, 10, 9, kwa sababu inazipanga kama maandishi. Dawa ni `.sort((a, b) => a - b)`. Ukilinganisha thamani, tumia `===` badala ya `==` popote, na tangaza vigeu kwa `const` au `let`, kamwe usitumie `var`, ingawa mafunzo ya zamani yamejaa nayo.

Kosa litakalokupata ndani ya wiki ya kwanza ni `Cannot read properties of null`. Karibu kila mara maana yake ni kwamba msimbo wako umekitafuta kitufe kabla ukurasa haujakitengeneza. Umeweka tagi ya `script` (alama ya HTML inayoleta msimbo) juu kabisa, kivinjari kikausoma msimbo, kikatafuta, hakikupata. Ongeza neno `defer` ndani ya tagi hiyo (hufanya kazi tu msimbo ukiwa katika faili lake, lililotajwa kwa `src`), hakikisha jina la kitufe kwenye HTML linafanana na lile uliloandika kwenye JavaScript, na tatizo linaisha.

Na React, ile fremuweki (msimbo uliokwisha andaliwa wa kujengea kurasa) ya JavaScript, je? Iache kwa miezi mitatu ya mwanzo. Fremuweki ni majibu ya maswali ambayo hujaulizwa bado. Anayeanza nayo hujifunza kufuata mapishi, na siku chakula kikiungua hajui kama tatizo ni moto au sufuria.

Java, C na wengineo

Java ni lugha ya heshima, na chuo kikikupangia isome bila kinyongo. Lakini kama uko huru kuchagua, jua kwamba mtindo wake wa kawaida unakudai uandike `public class`, `static`, `void` na `String[] args` kabla ya kuchapisha neno moja, na hakuna hata moja kati ya hayo utakaloelezwa vizuri siku hiyo. Jina la faili lazima lifanane na jina la darasa (`class`) la `public`, herufi kubwa na ndogo zikiwemo. Na maandishi yasilinganishwe kwa `==`, yalinganishwe kwa `.equals`. Kosa hili ni baya kwa sababu majaribio yako ya mwanzo yanaweza kufaulu, hasa ukilinganisha maneno uliyoyaandika mwenyewe ndani ya msimbo, kisha yakashindwa mtumiaji anapoingiza neno lile lile kwa kibodi. Anayelenga programu za simu za Android atazame Kotlin, ambayo Google imeipa kipaumbele tangu 2019. Wa iPhone atazame Swift.

C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, inafundisha kitu ambacho lugha nyingine hukificha: kumbukumbu ya kompyuta. Hilo ni jambo kubwa. Lakini haikushiki mkono. Ukiwa na orodha ya nafasi tano, zinazohesabiwa 0 hadi 4, ukaandika kwenye nafasi ya 5, C inaweza kukaa kimya, ikaharibu thamani ya jirani, na programu ikaanguka mahali pengine kabisa. Ukisahau alama ya `&` katika `scanf("%d", &n)`, yaelekea utaona `Segmentation fault` bila namba ya mstari. Ukiamua kuanza nayo, tumia amri hii kila mara:

```
gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address mchezo.c -o mchezo
```

Vibendera viwili vya mwanzo (maneno yanayoanza na `-`) vinaiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo uwe wa kuendeshwa na mashine, ikuonye kuhusu mengi yanayotia shaka. Viwili vinavyofuata vinaisimamisha programu palepale inapogusa kumbukumbu isiyo yake, na kukutajia mstari. Mwanafunzi wa C bila vibendera hivi anatembea gizani na tochi iko mfukoni. Kwa mwenye Arduino, msimbo anaouandika ni C++, ndugu wa C. Kama bodi yake ni Raspberry Pi Pico au ESP32, anaweza kutumia MicroPython, Python ndogo ya bodi kama hizo, na kubaki na urahisi wa Python.

Kwa mtoto wa miaka nane au tisa, jibu langu ni Scratch, iliyotoka MIT mwaka 2007: matofali yanaunganishwa kwa kuburuta, na hakuna bano la kusahau. SQL, lugha ya kuulizia data, ni ya lazima baadaye kwa yeyote atakayegusa kanzidata, ila peke yake haikupi mizunguko na funksheni za kujifunzia. Rust nzuri, lakini iache iwe ya tatu.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwa simu ya Android: Termux, programu inayoipa simu terminali, inakubali `pkg install python`. Shida haiko kwenye nguvu ya simu, iko kwenye vidole, maana mabano na alama za mtajo zimefichwa kurasa mbili ndani ya kibodi. Hadi mistari hamsini hivi inavumilika.

Ukishachagua

Ukiwa bado unasita kati ya Python na JavaScript, tumia jioni mbili. Ya kwanza andika mchezo wa kubahatisha kwa Python, ya pili kwa JavaScript. Itakayokufanya uongeze kitu ambacho hukuambiwa, labda kuhesabu majaribio, hiyo ndiyo yako.

Kisha usiiache kwa wiki kumi na mbili. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kati ya wiki ya tatu na ya sita, funksheni, orodha na mizunguko hukutana kwa mara ya kwanza katika programu moja, na kichwa kinauma. Mtu anadhani lugha ndiyo ngumu, anahamia nyingine, anafurahia wiki mbili za mambo mepesi aliyokwisha yajua, kisha anagonga ukuta ule ule mahali pale pale. Akihama mara tatu, mwaka umekwisha na hajawahi kuuvuka. Mshika mbili moja humponyoka. Ukifika hapo, punguza ukubwa wa zoezi, shika lugha yako.

Vilevile video: ukitazama saa moja, andika saa mbili, tena video ikiwa imefungwa. Na zile programu za akili mnemba zinazoandika msimbo kwa ombi, zitumie kama mwalimu wa zamu. Pambana na kosa dakika ishirini kwanza. Likikushinda, bandika ujumbe wake uombe maelezo ya maana yake, usiombe msimbo uliorekebishwa. Msimbo ambao huwezi kuueleza mstari kwa mstari bado si wako.

Sababu halali za kubadilisha lugha kabla ya wakati zipo: kazi au darasa limedai nyingine, au kile ulichoandika kwenye karatasi kimebadilika kweli. Vinginevyo subiri hadi uwe umemaliza programu ya mistari kama mia mbili uliyoifikiri mwenyewe, inayosoma faili, inayohifadhi matokeo, na ambayo haivunjiki mtumiaji akiandika "ishirini" mahali pa 20. Hapo fungua lugha ya pili, na zoezi lake la kwanza liwe ule mchezo wa kubahatisha namba, uandikwe bila kuutazama wa zamani.